Khisa wa Kokoto na Albamu ya Tano

Mume wangu Khisa anapiga ngoma katika bendi ya muziki wa metali, na kabla hujanihurumia, ngoja nikueleze. Ninasema hivyo kwa sababu akina mama wa kanisa letu hapa Kitengela walinihurumia kwa miaka kumi na mitano mfululizo. Walikuwa wakinishika mkono baada ya ibada na kuniuliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kuko salama. Nyumbani kulikuwa salama kabisa. Kilichokuwa na shida ni masikio yangu.

Mimi ni Wilkister. Nauza mitumba sokoni, na pembeni ya meza yangu, kati ya soksi na sweta za shule, nimeuza kazi za bendi hiyo tangu enzi za kaseti. Bendi inaitwa Kokoto. Ilikuwa na watu watatu: Khisa kwenye ngoma, Omolo, mwalimu wa fizikia, kwenye gitaa, na wa tatu, kijana wa Kimaasai aliyepiga gitaa la besi na kuimba kwa sauti iliyotoka chini ya tumbo. Huyo wa tatu alishatutoka, na sitamtaja jina. Nitamwita Besi. Sababu utaiona mbele, kwa maana hiyo sababu ndiyo iliyomfunza mume wangu adabu akiwa na miaka arobaini na saba, na nusura imfungie milele mlango wa nyumba aliyoipenda kuliko zote hapa Kajiado.

Khisa alifika Kitengela mwaka 1998 kutoka Chwele, Bungoma, akiwa na nyundo ya mjomba wake na suruali mbili. Alipata kazi kwenye machimbo ya mawe, na huko yuko hadi leo. Ni mtu wa maneno machache. Ukimuuliza kama chakula kimeiva vizuri anafikiria kwanza. Lakini masikio yake si ya kawaida. Anagonga jiwe mara moja na kukuambia kama ni zima au lina ufa ndani. Jiwe zima linalia, anasema, na lenye ufa linakohoa.

Na ukitaka kupasua jiwe kubwa, aliniambia zamani tukiwa bado tunachumbiana, huligongi kwa hasira. Unatoboa mashimo madogo kwa mstari, unatia kabari za chuma, halafu unazigonga moja moja kwa zamu hadi mwisho, kisha unarudi mwanzo. Baada ya raundi kadhaa unaacha. Unasimama na nyundo yako, unangoja. Wageni kazini hushindwa hapo. Wanaendelea kugonga kwa sababu wanaona hakuna kinachotokea, na jiwe linapasukia kombo. Mimi nilikuwa nimetarajia aniambie nina macho mazuri, na yeye akaniambia habari za kabari. Niliolewa naye hivyohivyo.

Besi alikuwa akileta maziwa kwa wachimba mawe. Alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, na chini ya shuka alivaa fulana nyeusi yenye picha ya fuvu. Binamu yake aliyefanya kazi katika hoteli ya watalii alikuwa amempa hiyo fulana pamoja na kaseti tatu walizosahau wageni. Alimsikilizisha Khisa hizo kaseti kwenye redio ndogo wakati wa chakula cha mchana. Wachimba mawe wengine waliomba wazimiwe hiyo kelele. Khisa aliweka chini sufuria yake ya githeri na kusema kwamba yule mpiga ngoma anajua kupasua jiwe. Hivyo ndivyo ilivyoanza, na Omolo akaingia baadaye, akiwa na amplifaya aliyoitengeneza mwenyewe kwa vyuma vya redio zilizokufa.

Walikosa mahali pa kufanyia mazoezi. Nani angewakubali? Mama yake Besi ndiye aliyewakubali. Tunamwita Yeyo, kama watoto wake wanavyomwita. Boma lake lilikuwa nje ya mji wakati huo, nyasi tupu mpaka upeo wa macho, na lilikuwa na banda la mbuzi la mabati. Alisema wanaweza kuja mchana mbuzi wakiwa malishoni, na watoke kabla mbuzi hawajarudi, kwa sababu nyumba ni ya mbuzi na wao ni wageni. Hakuupenda muziki ule hata siku moja. Alisema mwanawe analia kama ng'ombe dume aliyekwamwa na mfupa. Lakini kila mazoezi yakiisha kulikuwa na chai ya maziwa, birika zima, na Khisa alikunywa vikombe vingi sana bomani kwake bila kuombwa hata kuni.

Kuna jambo dogo lazima nilitaje hapa. Besi alikuwa hawezi kupita mlango wa mama yake bila kumwamkia. Hata gitaa likiwa begani, hata wamechelewa, angesimama mlangoni na kusema, "Yeyo, takwenya." Hiyo ndiyo salamu ya Kimaasai kwa mwanamke. Na mama yake angeitika kutoka ndani, "Iko." Hata siku ambazo wamegombana. Hata siku aliyoapa kwamba atalichoma hilo gitaa. Takwenya, iko, halafu kelele zinaanza.

Albamu ya kwanza waliirekodi humo bandani mwaka 2001, kwa kinasa sauti kimoja kilichotundikwa kwenye nguzo. Waliiita jina la bendi, Kokoto. Ni nyimbo tisa na zote zinakimbia kana kwamba zimefukuzwa na nyuki. Khisa alikuwa anapiga haraka mno, Omolo naye anamfukuzia, na Besi anapiga mayowe juu yao wote kama mtu aliyekatazwa kitu. Mbuzi mmoja mgonjwa alikuwa amebaki bandani siku ile. Anasikika katika wimbo wa nne, na kusema kweli ndiye pekee aliyeimba kwa utulivu. Niliuza kaseti thelathini hivi, nyingi kwa madereva wa malori waliodhani ni kitu kingine.

Ya pili, Ukame, ilitoka 2006. Wewe kama ulikuwa Kajiado mwaka uliotangulia unajua. Ng'ombe walikufa wamesimama. Besi aliwapeleka ng'ombe wa kwao mbali kutafuta nyasi, akarudi na saba. Alipoingia bandani hakutaka tena kukimbia. Walipiga polepole, noti moja inakaa mpaka unafikiri wamekwenda nyumbani. Nyuma yake hakuna mbuzi anayesikika. Kuna upepo tu unaotikisa bati. Hiyo ndiyo albamu ya kwanza niliyoipenda, ingawa sikumwambia Khisa, maana kichwa kingevimba.

Ya tatu ni Kioo, ya 2012, na hiyo tunaisema haraka. Walikwenda studio Nairobi, yenye zulia ukutani. Omolo alinunua kinanda. Besi aliambiwa aimbe vizuri, na akaimba vizuri, Mungu amsamehe. Ni safi kama sahani isiyoliwa. Wakagombana, wakakaa karibu miaka mitatu bila kupiga pamoja, na katika miaka yote hiyo Khisa aliendelea kwenda kwa Yeyo kila Jumamosi kunywa chai, bila ngoma, bila sababu. Yeyo ndiye aliyemuuliza siku moja kwa nini banda lake liko kimya. Alisema mbuzi hawalali vizuri.

Ndipo ikaja ya nne, mwaka 2018, Barabara ya Namanga, na hiyo ndiyo iliyowafanya wajulikane. Mji ulikuwa umeshalifikia boma la Yeyo na kulipita. Ukisikiliza utasikia malori, pikipiki, fundi anagonga bati la nyumba ya jirani. Besi alikuwa sasa na miaka thelathini na sita, ana mke na watoto kule Ewuaso Kedong walikohamishia mifugo, na sauti yake ilikuwa imerudi nyumbani. Aliacha kupiga mayowe. Aliimba kwa ile pumzi ya kifuani wanayoimba morani wakiwa wamesimama duara, ile inayokufanya usikie mbavu zako mwenyewe. Vijana walitoka Nakuru kuja kununua. Akina mama wa kanisa walianza kuniuliza kama kuna shati la bendi saizi ya mtoto.

Halafu figo zikamshika. Miezi tisa. Khisa alikuwa akimpeleka hospitali Jumanne na Ijumaa, na wakati mashine inafanya kazi yake walikuwa wakigonga vidole kwenye chuma cha kitanda, huyu anaanza na huyu anajibu, mpaka muuguzi awanyamazishe. Alikufa Machi 2023. Khisa alikwenda kazini siku iliyofuata mazishi na kuharibu mawe sita. Msimamizi wake alimrudisha nyumbani.

Mwaka mzima hakugusa ngoma. Kisha akaniambia ameandika wimbo. Hajawahi kuandika wimbo katika maisha yake. Maneno yalikuwa kazi ya Besi, na Khisa hata ujumbe wa simu anaandika kwa maneno matatu. Lakini aliandika, na akaja kunisomea jikoni nikichambua maharagwe. Kila mstari ulianza kwa kumwita rafiki yake jina. Jina, kisha njoo uone barabara. Jina, kisha mbuzi wamezaa. Nilijaribu kuhesabu na nikapotelea kwenye thelathini na kitu. Nililia juu ya maharagwe yangu, na nilimwambia huo ni wimbo mzuri kuliko wote waliowahi kupiga. Kwa hiyo kosa hilo lilikuwa la watu wawili, na sipendi anapolibeba peke yake.

Unajua, kwetu Bungoma mtu aliyekufa anaitwa. Asipoitwa anaona baridi. Atakuja kwenye ndoto za watu akiuliza kwa nini hakuna mtoto aliyepewa jina lake, na mtoto atalia usiku kucha mpaka apewe. Mimi mwenyewe jina langu la nyumbani ni la nyanya aliyekufa mwaka mmoja kabla sijazaliwa. Kumtaja marehemu mara arobaini, kwetu, ni kumfunika blanketi arobaini.

Omolo na Khisa waliurekodi wimbo pale bandani, wakaweka besi ya Besi waliyoikata kutoka kanda za zamani. Ulikuwa wimbo wa mwisho wa albamu ya tano. Ukumbi wa uzinduzi ulikuwa umeshapangwa, mabango yamechapishwa. Khisa alisema kabla ya mtu yeyote kuusikia, lazima mama yake ausikie. Alivaa shati la kanisani. Tulikwenda wote watatu na spika ndogo, Jumamosi saa nane mchana, na Yeyo alitukaribisha na kukaa kwenye kiti chake nje ya mlango, mikono magotini.

Jina lilipoitwa mara ya kwanza alitazama chini. Mara ya tatu alijifunika kichwa kwa shuka. Mara ya tano alisimama, akaingia ndani, akafunga mlango. Wimbo uliendelea kuita na kuita pale uani mpaka Omolo akapata kile kitufe cha kuuzima. Hatukupewa chai. Jumatatu Khisa alipopita kuchukua vijiti vyake alikuta kufuli mpya kwenye banda, na ngoma zake ndani.

Sijui kama nimewahi kumwona mtu mzima amepotea namna ile. Aliamini kwamba Yeyo anawalaumu kwa kifo cha mwanawe. Labda ule muziki, labda kule kupiga kelele miaka yote, labda safari za Nairobi. Alikwenda mara mbili, na mara mbili mtumishi wa boma alimwambia Yeyo amepumzika. Jumamosi ikifika alikuwa anakaa kitandani na viatu mguuni, amejiandaa kwa safari ambayo haipo. Mimi nilikuwa na hasira. Nilisema moyoni, mama huyu, baada ya miaka ishirini na tano, anamfungia Khisa mlango kama mwizi?

Omolo alikuja na shauri lake. Alisema wautoe tu, wimbo ni wa ulimwengu, siyo wa mama mmoja, na mashabiki wanangoja. Khisa alifikiria kwa muda mrefu, kama anavyofikiria chakula.

"Hiyo albamu inaweza kufa," alisema. "Mimi nataka mlango."

Omolo akashusha mabango.

Baada ya wiki sita nilichoka kumtazama. Nilifunga meza yangu siku ya Jumatano nikaenda Kajiado mjini kumwona Nasieku, dada mkubwa wa Besi, ambaye ni muuguzi huko. Nilikwenda nikiwa na maneno makali yaliyopangwa vizuri. Alinikuta kwenye benchi la wagonjwa, akaniketisha kwenye kantini, akaninunulia chai, na nikamwaga maneno yangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniita kwa jina la mwanangu, akaniuliza swali.

"Mama Wafula, wewe na Khisa mmekula kwetu miaka mingapi?"

Nikamwambia ishirini na tano.

"Baba yangu alikuwa anaitwa nani?"

Baba yao alikuwa ameshakufa kabla sisi hatujafika Kitengela. Nilijua alikuwa mrefu, nilijua alipenda ugoro, nilijua aliuza dume lake bora ili Nasieku asome. Nilijua alivyocheka. Jina lake nilikuwa sijawahi kulisikia. Walisema "mzee", walisema "baba Nasieku", walisema "yule mwenye boma". Miaka ishirini na tano nimekaa uani kwa watu na sikuwahi hata kujiuliza.

Nasieku akaniambia kwa upole, ule upole wa kazi yake, kwamba kwao mtu akishakwenda, jina lake haliitwi mbele ya watu wake. Wapo waliouacha mtindo huo, siku hizi wengi tu, hasa mjini. Mama yake hajauacha. Hata kanisani siku ya mazishi, mchungaji aliposoma jina, Yeyo alikuwa ameziba masikio kwa shuka, na sisi tulifikiri ni kilio. Kumwita ni kumgeuza njiani, na mama anaisikia kama kidonda kinachofunguliwa. Mkamfungulia mara arobaini, alisema, na spika.

"Yeye anafikiri mnajua," akasema. "Anafikiri Khisa amefanya makusudi, kwa sababu Khisa ni mtoto wa nyumba. Mgeni angesamehewa siku hiyohiyo."

Nilirudi Kitengela nikitazama nje ya dirisha njia nzima, na maneno yangu makali yote nimeyameza na chai. Nilipomweleza Khisa alikaa chini palepale mlangoni. Alisema kwa sauti ndogo kwamba na yeye hajui jina la mzee. Kisha nikamwona, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, uso wake ukilegea. Kumbe hakuchukiwa. Kumbe alifungiwa mlango kwa sababu alihesabiwa kuwa mtoto wa nyumba. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, na bado namshukuru, kwa sababu kuna watu wanaokaa mahali maisha yao yote bila mtu wa kuwakasirikia namna hiyo.

Jumamosi tulikwenda, mimi na yeye, na kilo mbili za sukari na majani ya chai. Yeyo alikuwa ameketi nje. Safari hii hakuondoka. Khisa hakujieleza sana, na heri hakujieleza. Alichuchumaa mbele yake akainamisha kichwa kama vijana wa pale wanavyofanya mbele ya wazee.

"Yeyo, sikujua," alisema. "Kwetu tunaita. Hapa nimeita vibaya. Sitaita tena."

Yeyo akaweka kiganja juu ya kile kichwa chenye mvi na vumbi la mawe, na akaagiza chai.

Tulipomaliza kunywa aliuliza jambo ambalo hatukulitarajia. Aliuliza kama zile kelele za zamani bado zipo. Nilimwambia zipo zote, mimi ndiye ghala. Akasema jina ni jina na sauti ni sauti, na sauti hakuna aliyemkataza kuisikia. Akasema amejaribu kuikumbuka na inaanza kumtoka. Nikakimbia, mimi na unene wangu huu, nikapanda pikipiki hadi sokoni nikarudi na kila kitu, pamoja na kile kinasa cha kaseti cha kale. Majina ya wote yapo kwenye majalada, lakini Yeyo hasomi, na karatasi haina kelele.

Banda lilifunguliwa. Omolo alipigiwa simu akaja mbio na chaki bado mkononi. Tukaweka ile ya kwanza, ya 2001. Tulikuwa tumeshasahau inavyoanza. Kwa miaka yote hiyo tuliuchukulia mwanzo wake kuwa mchafuko tu, kwa sababu Omolo aliwasha kinasa mapema. Unasikia mlango wa bati. Unasikia hatua. Kisha kijana wa miaka kumi na tisa, mbali kidogo, anasema, "Yeyo, takwenya." Na palepale ngoma za Khisa zinaingia kwa haraka zao za ujinga na kufunika kila kitu.

Yeyo aliinua mkono tukazima.

"Niliitika," alisema. "Hao wakapiga makelele. Lakini mimi niliitika."

Khisa aliinama akaziba uso. Nilimwona Omolo akigeukia ukutani. Mimi nililia waziwazi, sina aibu na machozi.

Tukasikiliza zote, mchana ule mzima. Mtoto anapiga mayowe. Mtoto anarudi kutoka kwenye ukame na sauti imezama. Ile ya Nairobi Yeyo alisema hapo mwanawe alikuwa amevaa viatu vya mtu mwingine, na Omolo, mwenye kinanda chake, akakubali. Na ile ya nne, ilipofika ile pumzi ya kifuani, mama alianza kutikisa shingo taratibu jinsi wanawake wa kwao wanavyotikisa, akiwa ameketi, hajui kwamba anafanya hivyo. Alikuwa amemkuza mwanawe mara ya pili ndani ya saa tatu. Alipomaliza alisema nyumba ni ya mbuzi lakini sisi tunaweza kurudi.

Wimbo ulibaki. Omolo alipendekeza waweke "ndugu" palipokuwa na jina. Wakajaribu, ukawa kama tangazo la chama cha akiba. Wakajaribu kuufuta kabisa, na Khisa hakulala. Asubuhi moja alirudi kutoka machimboni katikati ya kazi, jambo ambalo hajawahi kufanya, akasimama mbele ya meza yangu na vumbi lake lote juu ya blauzi zangu. Alisema amepata. Unagonga kabari, unagonga, unagonga, halafu unaacha. Palipokuwa na jina wasiweke neno. Waache. Vyombo vyote vinyamaze kwa mapigo manne, na wangoje.

Walirekodi upya bandani mwezi Novemba, mchana. Mbuzi walikuwa wamebaki nyumbani kwa sababu malisho ya karibu yamejengwa, kwa hiyo wamo humo ndani ya wimbo, kama mwanzo. Yeyo alikuja na kiti chake akaketi karibu na mlango. Sikutarajia. Nilikuwa upande wake nimeshika birika.

Ukiusikiliza wimbo huo utasikia jinsi unavyogonga na kunyamaza. Kila kimya ni cha mapigo manne, na ndani yake kuna mbuzi, kuna lori la Namanga mbali, kuna watu wanaongoja. Khisa alikuwa ameinua vijiti hewani, macho amefumba. Gitaa la besi la marehemu, lile la kanda za zamani, lilikuwa linarudi kila baada ya kimya na kuuchukua wimbo tena. Vimya vilikuwa vingi na vyote vilipita salama, mpaka kile cha mwisho.

Katika kile cha mwisho, Yeyo aliinua uso kuelekea mlangoni, kule ambako hakukuwa na mtu, na akasema kwa sauti yake ya kila siku, "Iko."

Mkono wa Omolo ulikuwa tayari kwenye kitufe cha kusimamisha. Khisa alimtikisia kichwa, asizime, kisha akashusha vijiti na kuumaliza wimbo. Baadaye Omolo alisema kwa teknolojia ya sasa neno lile linaweza kutolewa bila hata kuacha alama. Khisa alimwambia atakayeligusa atatafuta mpiga ngoma mwingine. Limebaki pale, mwisho wa albamu ya tano, mahali palipokuwa na jina.